Ratiba ya Kwenda Mtae

Kwa majuma matatu nilikaa kila jioni mezani na daftari, rula na simu, nikipanga safari ya gari ya kututoa mimi na mke wangu Dar es Salaam hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima ya Usambara, ambako siku ya anga safi mtu husimama juu ya jabali akauona uwanda wa Mkomazi chini ya miguu yake na nchi ya Kenya mbele ya macho yake. Ratiba ilipokamilika ilikuwa na safu nne na rangi tatu. Kutoka Lushoto hadi Mtae, umbali wa kilomita zipatazo 60, niliandika: saa moja. Hesabu hiyo ya umbali na mwendo nilifundishwa shule ya msingi, na sikumbuki mwalimu kutaja matope.

"Baba Zuhura," mke wangu aliuliza, "njia hii umeiuliza kwa nani?"

"Nimeiuliza simu."

"Simu imewahi kufika?"

Nililiona swali hilo kuwa la uchokozi, nikaendelea kupaka rangi.

Tuliondoka katikati ya Novemba. Kutoka Mombo tulipanda kwa lami, tukayatazama maporomoko ya Soni kwa dakika kumi kamili kama ilivyoandikwa, na pale Lushoto nikamsomea mwenzangu maelezo niliyoyaandaa kuhusu Wajerumani waliouita mji ule Wilhelmstal. Aliyasikiliza huku akichagua karoti.

Lami ilipokwisha, mvua za vuli zikaanza. Nilisimama mara tatu kuuliza njia, na kila mzee niliyemwamkia aliitikia marahaba, akanyoosha mkono kuelekea mawinguni na kusema kwamba Mtae ni hapo tu. Baada ya "hapo tu" ya tatu, gari letu, dogo na lenye tumbo linalokaribia kugusa ardhi hata njia ikiwa kavu, lilijikita katika udongo mwekundu katikati ya mteremko, likaziba njia yote. Nyuma yetu likatokea basi la abiria.

Abiria walishuka wote. Konda alilizunguka gari, akanitazama mimi, akamtazama mke wangu, kisha akatoa hukumu: "Mama ashike usukani. Wewe mzee, kwa kilo hizo, tunakuhitaji nyuma." Nilivua viatu, nikaviweka ndani ya gari pamoja na koti lenye simu na pochi, nikajiunga na wasukumaji.

"Mama, likinasuka usisimame!" konda alipaza sauti. "Ukisimama kabla ya kileleni, tutalala hapa!"

Mke wangu, ambaye katika miaka 16 ya ndoa hajawahi kufuata agizo langu hata moja bila kulijadili, alilifuata la konda kwa ukamilifu wa kutisha. Gari lilinguruma, likanimwagia matope kuanzia kidevuni, likapanda, likakata kona, likatoweka. Nilibaki pekupeku barabarani. Mfukoni mwa suruali nilikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni ratiba. Niliifungua, kwa kuwa sikuwa na la kufanya: "Saa 8:00 mchana, kupumzika na kufurahia mandhari." Ilikuwa saa kumi na moja.

Nilipanda basi, nikasimama karibu na tenga la kuku, na konda akaja kudai nauli. Nilipomweleza mahali ilipo pochi, basi zima likaingia katika mjadala. Bibi mmoja alisema kuwa mtu aliyesukuma hatozwi. Kijana mmoja akamjibu kwamba mtu huyu alisukuma gari lake mwenyewe, si basi, na kunradhi, hata mimi niliona hoja yake ina nguvu. Mwishowe konda aliamua kuwa nitasafirishwa kama mzigo, nami nitalipiwa kule ninakokwenda.

Tulifika Mtae gizani, ukungu umefunika Kenya, Mkomazi na hata ncha ya pua yangu. Mke wangu alikuwa ameketi katika kibanda cha chai, amejifunika koti langu, anatafuna karoti.

"Nani mwenye mzigo huu?" konda aliuliza kwa sauti.

Mke wangu aliinuka, akatoa pochi yangu, akanikagua taratibu kuanzia nyayo hadi utosini, kisha akamwuliza konda kama mzigo ulipokelewa ukiwa katika hali ileile.