Biriani na Bwana Harusi Wamepotelea Edgware Road

London ina Edgware moja na Edgware Road mbili, na zote tatu ni stesheni za treni ya chini ya ardhi. Edgware yenyewe iko kaskazini kabisa, mwisho wa Northern, ile laini nyeusi, kanda ya 5. Edgware Road zote mbili ziko katikati ya jiji, kanda ya 1: moja ni ya Bakerloo, laini ya kahawia, na ya pili inatumiwa na Circle, District na Hammersmith & City. Hizo mbili zina jina moja lakini hazijaungana ndani. Ukitaka kutoka hii kwenda ile, unapanda juu na kuvuka barabara kwa miguu. Chanzo cha yote ni Warumi, waliochora barabara iliyonyooka toka Marble Arch hadi Edgware, zaidi ya kilomita kumi. Jina la barabara linakwambia inakoelekea. Ulipo wewe, shauri yako.

Kadi ya mwaliko haikuwa na nafasi ya maelezo yote haya.

Ndoa ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2024, baada ya adhuhuri, ukumbini Edgware. Bwana harusi katoka Muskati, kafikia kwa rafiki zake Earl's Court. Ami, ambaye ndiye walii wa bi harusi, yaani msimamizi anayemwozesha, anakaa Northampton na alikuwa anakuja na gari lake, maana ndiye aliyebeba biriani.

Bwana harusi alielekezwa vizuri tu. Toka Earl's Court panda Piccadilly, shuka Leicester Square, hapo badili uingie Northern ya kwenda kaskazini, na kabla hujapanda soma ubao: uwe umeandikwa Edgware, si High Barnet, kwa sababu treni zikifika Camden Town zinaachana njia. Kati ya maneno yote hayo akakariri moja. Sasa pale Earl's Court kuna na majukwaa ya District, na treni zake nyingine safari yao inaishia Edgware Road. Ubao wa taa unaandika hivyo hivyo. Kijana kaona "Edgware", akajitosa ndani kabla jicho halijafika kwenye "Road".

Mimi nakaa karibu na Paddington, ndiyo kwanza nafunga vifungo vya kanzu, simu ikalia.

"Shemeji, nimefika. Mbona hakuna wa kunipokea?"

Nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona mikahawa ya Kiarabu, shisha na shawarma, kwa hiyo bila shaka ukumbi uko jirani. Na huku anaongea alikuwa anatoka getini, na hapo ndipo hasara ilipoingia. Earl's Court aligusisha simu kulipia. Sasa simu iko sikioni, akatoa kadi ya benki mfukoni, akagusisha kadi. Akaunti ni ile ile, pesa ni zile zile, lakini mashine inaona wasafiri wawili: mmoja kaingia na hajatoka, mwingine katoka na hakuingia popote. Kila mmoja anakatwa nauli ya juu kabisa. Unaweza kudai marejesho mtandaoni, ila utajaza fomu siku ya fungate.

Nikatoka mbio. Niko njiani, simu ya pili: Ami.

Kutoka Northampton ni barabara kuu ya M1 moja kwa moja, na njia ya kutokea kwenda Edgware ni namba 4. Ami aliipita kwa mwendo mzuri kabisa, akiwa dakika chache tu toka ukumbini. Alipoandika "Edgware" kwenye ramani ya simu, ilimpa orodha, naye akabonyeza la kwanza. Ramani ikamfikisha mwisho wa M1, ikamtia kwenye A5, ambayo ndiyo hiyo hiyo Edgware Road, na kumshusha nayo kusini huku wageni wanamsubiri kaskazini. Alipoambiwa "umefika" akatafuta pa kusimama. Kando ya barabara kuna mistari miwili myekundu, na gari la kawaida halisimami hapo hata kwa kushusha mtu mmoja. Akakunja kushoto.

Hiyo kushoto ndiyo niliyokaa nikaihesabu baadaye. Kipande cha Edgware Road toka Marylebone Road hadi Marble Arch ni mpaka wa eneo la tozo ya msongamano, ile ada ya kuingia na gari katikati ya jiji. Ukienda na mpaka wenyewe hudaiwi kitu. Ukiwa unaelekea kusini ukakunja kushoto, umeingia. Ami anasema hakuona geti, na kweli halipo. Hakuna geti, askari wala kamba. Kuna herufi C nyeupe ndani ya duara jekundu, na kamera inayosoma namba za gari. Jumamosi tozo inaanza saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, naye alikunja saa sita na dakika saba, kwa mujibu wa barua iliyomfuata. Wakati huo ilikuwa pauni 15. Juu yake kuna tozo ya moshi, pauni 12.50, ambayo tangu Agosti 2023 inahusu mitaa yote ya London, usiku na mchana. Gari la dizeli linasalimika likiwa la kiwango cha moshi cha Euro 6, yaani mengi yaliyotoka Septemba 2015 kuja juu. La Ami ni la 2012. Hiyo angedaiwa hata kama angetokea pale namba 4, kwa hiyo tusimlaumu kwa zote mbili.

Nikawakuta wamekutana, kila mmoja akimpongeza mwenzake kwa kufika mapema.

Akili ya haraka ingesema wote tuingie kwenye gari. Haikuwezekana. Nyuma kulikuwa na mahotipoti, sahani na madumu ya juisi mpaka darini. Kiti cha mbele alikaa sufuria. Nasema alikaa kwa sababu alikuwa amefungwa mkanda: kiti kile kinahisi uzito, na usipofunga mkanda gari linapiga kelele njia nzima, basi Ami akamviringisha sufuria kwa kanga mbili ili asichubue kiti, akamfunga mkanda, gari likanyamaza. Bwana harusi akaangalia sufuria, akaangalia kanzu yake nyeupe na joho lenye nakshi ya dhahabu, hakuomba lifti.

Tukagawana. Ami apande na A5 hiyo hiyo bila kukunja popote: Maida Vale, Kilburn, Cricklewood, Colindale, Burnt Oak. Mimi na bwana harusi treni. Tulipoingia getini nikamshika mkono: simu, na kule mwisho simu tena.

Toka Edgware Road ya Circle unapanda ya kwenda King's Cross, kama dakika kumi, halafu unatembea ndani kwa ndani kuifuata Northern. Kwenye ngazi za umeme unasimama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Bwana harusi alisimama katikati kama Sultani, joho limetanda pande zote mbili, foleni ikajaa nyuma yetu hadi juu. Waingereza hawapigi kelele. Wanapumua tu kwa nguvu. Tulipofika kwenye treni nikamkusanyia joho lote mkononi, maana kitambaa chembamba kikinaswa mlangoni mlango hauhisi, treni inaondoka nacho.

Kabla ya Golders Green treni inatoka ardhini. Hapo Ami akapiga.

"Mko wapi?"

"Golders Green, Ami. Stesheni tano tu zimebaki."

"Mimi niko Kilburn. Kuna taa hapa imeniona mara nne."

Hilo ramani haikuonyeshi. A5 imenyooka, lakini Kilburn Jumamosi ni maduka pande zote, mabasi, vivuko na magari ya kushusha mizigo, na hakuna kasi unayoiendesha wewe. Njia ya basi ipo, tupu, inakutamanisha, na ina kamera yake.

Tukafika ukumbini. Bwana harusi yupo, mashahidi wapo, shehe anaangalia saa. Walii hayupo. Shehe akapendekeza Ami amuwakilishe mtu kwa simu, sauti iwekwe kubwa watu wasikie. Ami alijibu, na ukumbi mzima ukasikia kweli: "Nimetoka Northampton na sufuria ubavuni, leo mnifungie ndoa nikiwa kwenye taa nyekundu? Nisubirini!"

Tukamsubiri. Biriani iliingia kwanza, walii akafuata nyuma yake akifuta jasho, na ndoa ikafungwa kwa harufu ya zafarani.

Zile tozo unalipa mwenyewe mtandaoni hadi usiku wa manane wa siku ya tatu. Ami hakulipa, kwa vile hakuna aliyemsimamisha. Barua zikaja mbili, kila moja faini ya pauni 180, nusu yake ukilipa ndani ya siku 14. Alilipa 90 na 90, akapiga picha risiti, akamtumia bwana harusi WhatsApp kule Muskati na kuandika chini yake: "Hizi ni juu ya mahari."