Kwa Willy Gamba Hakuna Matanga

Kufa na Kupona ya Elvis Musiba inakwenda kwa kasi ambayo riwaya nyingi za siku hizi hazina, na ndiyo maana imeniudhi kiasi hiki. Ingekuwa mbovu ningeifunga mapema nikalala zangu. Nilishindwa kuiacha.

Ilitoka mwaka 1974. Nyaraka za siri za harakati za ukombozi zimeibwa Dar es Salaam, mpelelezi Willy Gamba anatumwa kuzisaka, na msako unamfikisha Nairobi. Gamba anasimulia mwenyewe, kwa sentensi zisizo na mapambo, na utamu uko hapo hapo. Musiba hakuambii uogope. Anakupitisha kwenye mitaa na hoteli ukiwa na mtu anayejua kwamba anafuatwa, na moyo unaanza kwenda mbio wenyewe.

Shida yangu ni maiti. Watu wanakufa humu na hakuna anayekaa matanga. Adui anaanguka, Gamba anaruka, gari linaondoka, punde tuko kwenye vinywaji na mrembo. (Hao warembo nao! Wanasifiwa sura na umbo, nafsi zao hatuzijui.) Wapenzi wa riwaya pendwa wataniambia ukisimama kumlilia kila adui hadithi inakufa. Nakubali, lakini nusu tu.

Nusu nyingine inanigomea kwa sababu naishi Dodoma, na mkoa huu una Kongwa. Kuanzia 1964 wapigania uhuru walikuwa na kambi pale: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Samora Machel aliongoza vijana wa FRELIMO kambini hapo, miaka mingi kabla hajawa rais wa Msumbiji. Wako ambao hawakurudi kwao, na makaburi yao yapo Kongwa hadi leo. Kijana ametoka kusini huko, amelala kwenye udongo mwekundu wa Ugogo, na mama yake hakumzika. Hiyo ndiyo vita anayoipigania Gamba. Halafu ukumbuke Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliyeuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililotegwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Riwaya ilitoka miaka mitano tu baadaye. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa wanajua vizuri kifo cha namna hiyo kinaacha nini nyumbani, kwa hiyo nilitarajia risasi za Musiba ziwe na uzito zaidi.

Ila nikizidi kufikiri, naona huenda wao ndio walioihitaji zaidi kuliko mimi. Mtu anayesikia kila wiki habari za ndugu zake kuuawa Msumbiji na Rhodesia (Zimbabwe ya leo), akimwona Mwafrika mmoja anayewawahi maadui kabla hawajatuma kifurushi kingine, lazima apumue. Nikiisoma hivyo namwelewa Gamba, hata nampenda. Ule wepesi wa kuua bado unanikwaza.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu ameshaniomba nimwazime. Nitampa, ila Kongwa tutakwenda kwanza. Mimi naendelea na Kikosi cha Kisasi, riwaya nyingine ya Musiba iliyotoka 1979, nione kama humo kuna hata mtu mmoja anayeliliwa.