Kutumiwa na Mungu Si Kukubaliwa na Mungu

Uchaguzi ukiisha, hakosi mhubiri wa kutangaza kwamba mshindi ndiye Koreshi wa kizazi hiki. Hoja yake ina mashiko. Isaya 45 inamwita Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Mungu wa Israeli, masihi wa Bwana, yaani mtiwa mafuta wake. Babeli ikaanguka mikononi mwake mwaka 539 KK, Wayahudi waliokuwa mateka humo wakapewa ruhusa ya kurudi kwao. Danieli 4 inasema Aliye Juu ndiye atawalaye, naye humpa ufalme amtakaye. Ongeza Warumi 13, na mjadala umefungwa: ukimpinga mtawala umempinga Mungu.

Wengine wanaliona fundisho hilo kuwa shuka la kuwafunika madhalimu. Nao wana maandiko. Katika Hosea 8:4 Mungu analalamika kwamba watu wamejiwekea wafalme bila shauri lake. Katika Ufunuo 13 dola ni mnyama atokaye baharini.

Pande zote mbili, naona, zinairuka Isaya 10. Humo Ashuru, dola iliyoangusha Samaria, mji mkuu wa ufalme wa Israeli, mnamo 722 KK, inaitwa fimbo ya hasira ya Mungu. Bwana anasema ameituma mwenyewe. Mstari wa 7 unageuza mambo: Ashuru haina habari na kazi hiyo, moyoni mwake imo nia ya kuangamiza mataifa tu. Mstari wa 12 unaahidi kwamba kazi ikiisha, mfalme wake ataadhibiwa kwa kiburi chake. Kisha linakuja swali: je, shoka lijisifu mbele ya anayelitumia? Anayetumwa, basi, bado ana hesabu ya kutoa.

Hata Koreshi. Silinda yake ya udongo, iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879, inasema ni Marduki, mungu wa Babeli, aliyemchagua na kumpa mji ule. Isaya alishasema: "ijapokuwa hukunijua." Wanaowapamba wanasiasa kwa jina la Koreshi huupita mstari huo mbio.

Sikatai kwamba usomaji huu una gharama. Kama Ashuru ilitumwa, watoto wa Samaria walikosa nini? Nabii Habakuki aliuliza karibu hivyohivyo kuhusu Wakaldayo, yaani Wababeli: mbona unanyamaza mwovu akimmeza aliye mwenye haki kuliko yeye? Akajibiwa kwamba Wakaldayo nao watakinywa kikombe cha hukumu, na kwamba angoje. Jibu hilo haliniridhishi lote, ila naona Habakuki hakukemewa kwa kuuliza.

Anayetaka kujua Mkristo aishi vipi katikati ya hayo amtazame nabii Yeremia. Aliwaandikia mateka walioko Babeli wautakie mji ule amani na kuuombea. Aliwasihi watu wa Yuda waitie shingo katika nira ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli, na wengi wakamwona msaliti. Lakini Yehoyakimu, mfalme wao wenyewe wa ukoo wa Daudi, alipojijengea jumba huku akiwanyima vibarua ujira, ni Yeremia huyohuyo aliyetangaza kwamba atazikwa maziko ya punda, akokotwe na kutupwa nje ya malango ya Yerusalemu.