Ufa Uliokua kwa Siku Mbili

Wiki tatu za kibarua cha kuwashikia wajiolojia futi kamba kule kwenye ukingo wa Bahi, ambako ardhi imeteremka upande mmoja wa ufa mkubwa, zilitosha kuniharibu. Nilirudi kwetu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, nikitembea na dira shingoni, na kila aliyenisalimia "Mbukwa" alijibiwa kwa mhadhara.

Nyuma ya nyumba ya bibi kuna jabali la graniti kubwa kama Fuso, na lina ufa. Ufa huo umekuwepo tangu mama hajazaliwa. Mimi nikaamua una kesi.

Nikawakusanya. Ufa, nikasema, hukua kwenye ncha. Ukivuta kanga iliyochanika, nguvu yote hukimbilia pale mchaniko ulipoishia. Jiwe nalo hivyohivyo. Nyufa fupi zikirefuka hukutana, zikawa ufa mmoja mrefu. Upande mmoja ukiteremka, kama Bahi, mteremko huwa mkubwa karibu na katikati na huisha kabisa ukifika nchani.

"Na hili letu?" baba mdogo akauliza.

"Bado halijateremka," nikasema, kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya.

Nikapima mwelekeo. Dira ikasema kaskazini, nilipoinama ikasema magharibi. Kumbe simu iko mfuko wa shati, sumaku ya spika inavuta sindano. Nikaiweka kando. Urefu: mita 2 na sentimita 14. Ncha nikaiwekea alama kwa rangi ya kucha ya binamu yangu, ambaye hakuombwa.

Kesho yake jioni ufa ulikuwa umepita alama kwa sentimita 11. Keshokutwa, 38.

Kule Bahi niliambiwa wazi kwamba ncha ya ufa inaweza isisogee maisha yote ya mtu. Hilo ndilo nililopaswa kulikumbuka. Nikapiga kelele.

Usiku ule tulilala kwa jirani, chini ya mbuyu: watu 9, kuku, na televisheni ya baba mdogo, ambaye alisema nyumba ikienda iende, ila si hiyo. Bibi peke yake aligoma kutoka kitandani kwake.

Alfajiri nikamkuta juu ya jabali, anaanika mlenda.

"Bibi, shuka! Linapasuka!"

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akainama, akalowesha kidole kwa mate, akapangusa. Sentimita kama 15 zikatoweka. Akamalizia kwa pindo la kanga, ufa ukarudi mpaka kwenye rangi ya kucha na kusimama hapo.

"Mkaa huu," akasema, akaendelea na mlenda wake.

Mpwa wangu wa miaka sita akatokea jikoni, vidole vyeusi.

"Mjomba, leo niurefushe tena?"

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilikuona kila saa unakuja kuangalia kama umekua, nikakuhurumia."

Televisheni niliirudisha mimi, peke yangu, kichwani.