Rangi ya gabro haitokani na kasi ya kupoa
Mwandishi mmoja anadai gabro, mwamba mweusi mzito, ni mwamba wa granaiti tu uliopoa haraka ndiyo maana ikawa nyeusi. Hapana, hapo kachanganya mambo. Kasi ya kupoa huamua ukubwa wa chembe za madini mwambani, si rangi. Na miamba hii yote miwili ilipoa polepole chini kabisa ya ardhi, ndiyo maana chembe zake zinaonekana kwa macho. Magma (mwamba ulioyeyuka) ya gabro ikipoa haraka inakuwa basalti, mwamba wa chembe ndogo sana, basi. Tofauti yenyewe ni ya magma: granaiti ina silika takriban asilimia 70, gabro karibu 50 tu, na badala yake imesheheni chuma na magnesi. Chukua kipande kilichovunjika karibuni ukigeuzegeuze juani. Kwenye granaiti utaona kwatzi, vijipande vya kijivu kama kioo, visivyo na uso bapa, kisu hakivikwaruzi. Kwenye gabro kwatzi ni kama haipo; utakuta madini mengine: piroksini nyeusi na plajioklesi yenye mistari myembamba sambamba. Halafu ipime mkononi, gabro ni nzito zaidi. Ila diorite, mwamba ulio katikati ya hii miwili, hunisumbua: nyie mnaitofautishaje na gabro bila hadubini?