Laki nne ya kusikiliza tu

Juzi nimelipa krona 1,600, kama shilingi laki nne za kwetu Tanzania, na fundi wa gari hakufungua hata nati moja. Nimerudi nyumbani natabasamu. Tabasamu hilo nikalipeleka kwenye grupu la familia, likanizalia ugomvi, na ugomvi ndio umenileta hapa.

Naishi Drammen, Norwei, huu mwaka wa nane. Naendesha gari la umeme. Kabla hamjaanza: mwaka 2024, katika kila magari kumi mapya yaliyouzwa nchi hii, karibu tisa yalikuwa ya umeme. Kwa hiyo siringi. Hii ndiyo Toyota IST ya huku, gari la kila mtu.

Baada ya Pasaka huwa tunavua matairi ya baridi, yale yenye misumari yanayonguruma lami kavu kama mashine ya kusaga, tunafunga ya kiangazi. Nikafunga. Gari likawa kimya, na ukimya ule ukanifichulia kitu. Nikiwa kwenye 60 nikakanyaga kwa nguvu, sakafu inatetemeka chini ya miguu, dru-dru-dru, hadi kikombe cha kahawa kinacheza. Nikiachia mguu, shwari. Gari la petroli lina injini ya kukusitiria mambo, kelele moja inafunika nyingine. La umeme halisitiri kitu. Tena nguvu yake yote inakuja papo hapo, haisubiri gia, kwa hiyo kiungo kilichochoka kinajisema mwenyewe.

Nyumbani ningeongeza sauti ya redio. Msicheke, nusu yenu mna gari ambalo dawa yake ni redio.

Nikarekodi mtetemo, nikamtumia shemeji, mume wa dada yangu, ana gereji mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tangu mimi nasoma sekondari. Haikupita dakika. "Mauntingi hiyo, badilisha." Yaani zile raba zinazoshikilia injini. Nikamwambia shemeji, hii ni mota, haitingishiki kama injini ya Toyota Noah. "Basi shafti. Badilisha zote mbili." Zile fimbo za chuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, kulia na kushoto. Nikamuuliza kajuaje. "Uzoefu, shemeji."

Nikaenda gereji ya kwanza, kubwa, vioo vitupu, miadi nimeisubiri siku kumi na nane. Kijana akachomeka kompyuta, akaitazama, akaniambia haionyeshi kosa, gari ni zima. Nikamwambia mgongo wangu unaonyesha. Akarudia: haionyeshi kosa. Na akanilipisha. Wale mnaodhani Ulaya kila kitu kinaenda kama saa, hapo ndipo pangewafaa. Kompyuta ya gari inajua volti, inajua joto, inajua chaji imebaki kiasi gani. Sikio haina. Kiungo kikilegea pale chini, yeye atajulia wapi?

Nilikuwa nimeshakata tamaa jirani aliponielekeza gereji ndogo nyuma ya kituo cha treni. Fundi ni binti, hajafika thelathini. Hakugusa gari. Alinikalisha chini, akamimina kahawa, akaanza kuuliza. Linatetemeka ukikanyaga au ukiachia? Likiwa la baridi tu, au hata likishapata moto? Ukikata kona kulia linazidi? Unalihisi kwenye usukani au kwenye kiti? Lami mbaya na lami nzuri ni sawa? Dakika ishirini nzima! Mimi nimezoea hospitali za kwetu, unaandikiwa dawa ya malaria kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, sasa leo nahojiwa hivi kwa ajili ya gari.

Kisha akabana vipaza sauti vidogo chini ya gari, sehemu nne, akavaa spika za masikioni, tukaingia barabara ya E18. Mimi naendesha, yeye anasikiliza kimoja kimoja. Akaniambia niyumbishe gari taratibu, kushoto, kulia. Uzito ukihamia upande mmoja, beringi mbovu ya tairi hubadilisha mvumo. Haikubadilika. Beringi zikatoka kwenye orodha. Akaniambia nikiwa kwenye mwendo uleule niweke gia huru. Mtetemo ukakata kama umezimwa kwa swichi, wakati magurudumu bado yanazunguka vilevile. Matairi nayo yakatoka. Tatizo linataka nguvu ipite ndipo lionekane.

Halafu akafanya hesabu ambayo bado naipenda. Tairi langu likizunguka mara moja linakwenda kama mita mbili. Kwenye kilomita 72 kwa saa, gari linakwenda mita 20 kila sekunde, yaani tairi linazunguka mara kumi kwa sekunde. Mota, kwa kuwa gia yake inapunguza mara tisa, inazunguka mara tisini. Akalaza simu sakafuni, ina programu ya kupima mitikisiko, nikakanyaga. Ikasoma thelathini kwa sekunde. Ingesoma kumi, angesema tairi halijabalansiwa. Ingesoma tisini, angeitazama mota. Thelathini ni mara tatu kwa kila mzunguko wa tairi. Akauliza: ni kitu gani huku chini kina miguu mitatu? Jointi ya ndani ya shafti. Ina roli tatu zinazoteleza kwenye njia zake, na njia hizo zikichimbika, kila roli inapita na kishindo chake. Kwa zile spika akajua ni ya kulia. Ya kushoto nzima.

Akaniandikia karatasi. Sheria ya hapa inampa mnunuzi miaka mitano ya kulalamikia kasoro kwenye kitu kilichotengenezwa ili kidumu, na gari langu lina mitatu. Nikaipeleka karatasi kwa muuzaji. Alinuna, lakini akabadilisha kwa pesa yake. Kwa rekodi ya simu na "uzoefu, shemeji" angenicheka.

Sasa grupu. Shemeji akaandika kwa herufi kubwa: SI NILISEMA SHAFTI? Watu wakampigia makofi, mama yangu mzazi akiwemo. Halafu mjomba akaongeza kwamba nimekaa kwa wazungu mpaka nimesahau kwamba nyumbani fundi anaweka bisibisi sikioni na anajua.

Mjomba, shikamoo. Sijasahau. Mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi, shemeji kaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, kafumba macho. Na vile vipaza sauti vya yule binti ni bisibisi ileile, imeongezewa waya. Kwa masikio sisi ni matajiri, na shemeji namweka mbele ya yule kijana wa vioo vitupu siku yoyote. Lakini alisema mauntingi kwanza. Halafu shafti zote mbili. Ningemfuata, ningenunua vitu vitatu ili nipone na kimoja, na hicho kimoja kingemfanya aonekane bingwa. Hapo ndipo ninapobishana naye, si kwenye akili yake.

Na mkosaji wa kwanza ni sisi wateja. Nani kati yetu amewahi kumlipa fundi kwa kutafuta? Tunamlipa kwa kufunga. Spea ndiyo inayoonekana, ina boksi, ina bei, unaweza kuishika mkononi. Fundi naye ana watoto, basi posho yake anaichomeka kwenye bei ya spea, anajuana na muuza duka, na njia pekee ya yeye kula ni kitu kibadilishwe. Akihangaika asubuhi nzima akagundua ni nati imelegea, tunasemaje? "Kumbe nati tu?" Nasema kwa sababu nimesema. Nikiwa na Corolla yangu Temeke, fundi alilala chini ya gari tangu saa mbili hadi adhana ya adhuhuri, akakaza bolti moja, kelele ikakoma. Nikampa elfu tano ya maji, tena kwa kununa. Mara iliyofuata aliniambia rejeta imekufa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa imekufa.

Mtaniambia laki nne ni kodi ya chumba, nani wa kumlipa fundi asikilize tu. Ni kweli. Ila jumlisheni mlichotumia mwaka huu kwenye spea ambazo hazikutibu kitu. Na mtasema gari za umeme ni za kwenu huko. Huko nyumbani je? Nairobi yapo mabasi, Kigali zipo pikipiki, Dar bajaji mnazipanda. Magari madogo yatafuata kupitia bandarini kama mengine yote, yametumika, yamechoka, yanapiga dru-dru-dru. Mle ndani kuna nyaya za rangi ya chungwa zenye volti kama 400. Ile ya "hebu tufungue tuone" itaua mtu. Vijana wa gereji watahitaji mafunzo, na wakishayapata watahitaji mteja anayekubali kulipia saa moja ambayo mwisho wake hana boksi la kubeba.

Haya yote niliyaandika kwenye grupu, marefu kuliko hapa, usiku wa manane. Asubuhi nikakuta dada kaweka kidole gumba, mjomba kaweka dua ya Ijumaa. Shemeji hakujibu grupuni. Alinipigia pembeni, sauti ya chini, nyuma yake nasikia mtu anagonga bodi.

"Shemeji, hiyo saa moja ulilipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia, laki nne.

Akanyamaza kidogo. "Na hakufungua kitu?"

"Hakufungua."

"Laki nne, mimi gari lako ningelisikiliza mpaka alfajiri."