Sekunde Mbili, Eti

Naomba mtu yeyote aliyeiona ile filamu ya Brad Pitt ya magari ya mashindano asinisogelee wiki hii. Hasa vijana. Hasa yule dogo wa kwenye daladala.

Mimi ni mtu na heshima zangu. Mweka hazina wa kamati ya harusi, koti, daftari kwapani, siti ya dirishani toka Buhongwa, hapa Mwanza, naenda kikaoni mjini, baada ya kusubiri gari lijae, likajaa, likajaa tena. Kufika Mkuyuni, pwaa! Pancha. Tukashuka huku tunasonya. Dogo akatoa simu, akawasha saa ya kuhesabia, akatangaza: "Wazee, kule Formula 1 hii ni sekunde mbili."

Nani kamuuliza?

"Kila tairi lina watu watatu. Mmoja anafungua nati kwa mashine, mmoja anachomoa, mmoja anachomeka. Mwaka 2023 kule Qatar, timu ya McLaren walibadilisha yote manne kwa sekunde 1.80."

Muda huo konda wetu alikuwa bado anamuuliza dereva jeki iko wapi. Dereva anasema aliiazimisha. Tukasimamisha lori la mchanga, tukabembeleza, tukapewa jeki na masharti juu. "Dakika kumi na moja," akasema dogo.

Kule nati ni moja tu kwa kila tairi. Letu lina sita, na mojawapo imelika mpaka imekuwa duara. Konda akaipanda spana kwa miguu yote miwili, akaanza kuirukia. Mama mwenye ndoo ya dagaa akamshika kiuno asianguke. Mchungaji akanyoosha mkono, akaikemea nati. Nati ikagoma. Kwa idadi ya watu tuliwapita hao McLaren, maana wao ni kama ishirini tu, sisi tulikuwa na abiria, wapita njia na muuza miwa, kila mmoja anaelekeza: kulia! Kushoto! Pigeni nyundo!

Spea ikatoka. Kipara, waya zinachungulia. Dogo bila haya: "Hata Formula 1 kama hakuna mvua wanakimbilia vipara." Na kibaya zaidi ni kweli.

Nikamuuliza kwa upole wa kiungwana, hiyo filamu yako iligharimu kiasi gani? "Zaidi ya dola milioni 200, anko." Nikafungua daftari la harusi, nikapiga hesabu: shilingi bilioni 500 na ushee. Daraja la Kigongo–Busisi pale, kilomita 3 juu ya ziwa, ni bilioni 700 na kitu! Yaani watu wamekula fedha za kukaribia daraja kumwonyesha mtu anazunguka anarudi alikotoka.

"Lakini Pitt kaendesha mwenyewe, anko. Magari ya Formula 2, Mercedes wakayabadilisha yafanane na ya Formula 1. Na Lewis Hamilton, dereva mwenyewe wa Formula 1, ni mmoja wa watayarishaji."

"Pita yupi?" mama wa dagaa akauliza. "Wa Ukerewe?"

Filamu ilipotoka 2025 huyo Pita alikuwa na miaka 61. Sitaki kuyasema sana haya, ila mimi hamsini sijaifikia na mke wangu kanipiga marufuku bodaboda, eti mgongo.

Hapo dereva akaniita: "Mzee wa koti, tushikie nati." Nikashika. Mweka hazina wa nati! Grisi mpaka kwenye mkono wa koti, koti lenyewe la kuazima, na dogo anarekodi. Nikamfokea maneno ambayo mchungaji alijifanya hakuyasikia. Nikadai nauli yangu. Konda akajibu nauli hairudi, na kama nina haraka Mkuyuni si mbali na mjini, nitembee.

Kikaoni nikapigwa faini ya kuchelewa, elfu tano, na mwenyekiti aliyeingia nyuma yangu. Yeye alikuwa "na udhuru". Ajenda wameshafika kwenye chakula, wanataka sato mzima mzima kwa kila meza. Sato! Kwa bei hii? Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi wenye ziwa tunagombania mapanki, mifupa inayobaki, halafu mtu ambaye jina lake kwenye daftari langu lina ahadi na halina hela anataka sato wa kukaanga na ndizi pembeni. Nikawaambia dagaa wapo, tena wa soko la Mwaloni, wakavu, hawana mchanga. Upande wa bwana harusi wakanuna. Wanune. Majina yao ninayo.